Ukili wa Bi Mwosha

Kwa, ki. Kwa, ki. Kwa, ki.

Ndivyo ilivyolia mitalawanda yake, vile viatu vya mbao. Mguu wa kushoto ulitoa sauti nzito na wa kulia sauti nyembamba, kwa sababu ule mtalawanda wa kulia ulipasuka zamani akaufunga kwa waya wa shaba. Wanawake wengine huvaa mitalawanda chooni na uani tu, na wakitoka huiacha mlangoni. Yeye aliivaa njia nzima, kutoka kwake Ng'ambo, akavuka Darajani, akaingia vichochoro vya Mji Mkongwe ambako kuta zimekaribiana na kila sauti hurudi mara mbili. Ulimsikia kabla hujamwona. Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe vyake mpaka apite. Mwanamke aliyekuwa akimkaripia mwanawe aliteremsha sauti.

Mimi utotoni nilikuwa nikikimbilia mvunguni mwa kitanda. Mama akinivuta mguu huku anacheka.

"Toka huko! Unaogopa nini nawe? Ukimsikia, huna neno. Asiyemsikia ndiye aogope."

Sikuyafahamu maneno hayo. Nilidhani ni maneno ya kubembelezea watoto.

Sote tulimwita Bi Mwosha. Jina alilopewa na wazee wake nimelijua siku moja tu, nalo sitalitaja hapa, maana mwenyewe hakupenda litajwe. "Jina langu liacheni lipumzike," alikuwa akisema. Yeye ndiye aliyeosha maiti wa kike wa chama chetu, na wale ambao si wa chama wala si wa mtu yeyote: mwanamke aliyefia hospitali na hapana aliyekuja kumuulizia, mpishi wa nyumba za watu aliyetoka bara akazeekea hapa, kikongwe aliyewazika wote waliokuwa wake.

Chama kilikuwa na jina refu la kupendeza, lakini mjini tuliitwa "wale wa sanda". Tulikutana nyumbani kwa Bi Zuhura, mkubwa wa chama, katika ukumbi wa juu wenye madirisha yanayotazama Mkunazini. Wengine walisuka ukili, ule mkanda wa miyaa ya mkindu unaoshonwa mkeka, wengine walishona mikeka na kofia, wengine walipika visheti vya kuuza sikukuu. Kilichopatikana kilinunua bafta ya sanda, karafuu maiti na ubani, na chakula cha wajane waliokaa eda bila ya mtu wa kuwapelekea hata kibaba cha mchele. Mimi niliingia nikiwa na miaka kumi na sita. Skuli niliishia darasa la sita, kofia sikujua kushona, visheti vyangu vilikuwa vigumu kama kokoto, lakini nilijua kuimba na kuchekesha watu, basi wakanipa kazi ya kuunganisha kili za mikeka ili nipate kukaa katikati yao.

Siku ya kuingia, kila mmoja alipimwa. Hili ndilo lililokuwa la kwetu peke yetu. Inasemekana zamani, kabla mimi sijazaliwa, mwanachama mmoja alizikwa na sanda isiyofika miguuni, kwa kuwa bafta ilikatwa kwa kukisia na hapakuwa na nyingine. Vidole vyake vilikuwa nje wakati wanaume wanakuja kumchukua. Wale wazee waliapa kuwa aibu ile haitarudi. Tangu hapo kila anayeingia husuka ukili mmoja mwembamba kwa mkono wake mwenyewe, na Bi Mwosha humsimamisha ukutani, akaukata kwa urefu wake, utosini mpaka kisiginoni, na shibiri mbili zaidi, moja ya kufungia kichwani na moja ya miguuni. Ukili hukunjwa ukatiwa kashani, mpaka siku ya kukatia sanda yake. Majina hatukuandika, wengi hawakujua kusoma. Kila mmoja aliujua wake kwa msuko na rangi. Wangu niliutia miyaa myekundu na ya kijani kama wa harusi.

Na mtu hapimwi mara mbili. Kanuni hiyo aliiweka yeye. Mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani aliposikia habari hizi alisema hazimo katika kitabu chochote, na Bi Mwosha akamjibu kwa adabu, "Kweli, maalim. Na vidole vya yule marehemu navyo havimo."

Alipokuwa ananipima mimi nilishindwa kujizuia, nikaangua kicheko. Mikono yake ilikuwa baridi na ilinuka majani ya mkunazi.

"Cheka, cheka," akasema. "Ukicheka unarefuka, ntakosea. We jina lako nani?"

Nikamwambia.

"Hapana. We Kicheko."

Basi nikawa Kicheko mpaka leo.

Alikuwa na desturi zake. Akikusalimia hukutazama utosini kwanza kisha akashuka mpaka visiginoni, taratibu, kama fundi anavyolitazama gogo. Watu wasiokuwa na wenyewe aliwapima kwa jicho hilo hilo na halikumkosea hata mara moja. Nyumba yenye msiba hakula, hakunywa hata maji. Lakini akitoka hapo alipita kwa muuza halua akala kisahani kizima kwa kidole, amesimama, akijilamba kama mtoto. Alipenda taarabu. Santuri ikipigwa kwenye nyumba ya watu alisimama chini ya dirisha, akapiga mtalawanda wa kulia taratibu, ki, ki, ki, mpaka wenye nyumba wakahisi vibaya wakaizima.

Na aliogopa vyura. Huyu aliyekaa peke yake na maiti saa nzima bila ya kutingishika, chura mdogo akiruka uani alipanda juu ya kiti akapiga mayowe. "Kitu kinakutazama na hakisemi!" akalalamika. Bi Zuhura akamwambia, "Na hao unaowaosha je?" Bi Mwosha akashuka kitini akajitengeneza kanga. "Hao wanasema," akajibu.

Mimi nimemwona akisema nao. Mara ya kwanza nilipochukuliwa kushika kata ya maji ilikuwa kwa mwanamke aliyeletwa kutoka hospitali, hatujui katoka wapi. Kijua cha saa nne kilikuwa kinaingia dirishani. Bi Mwosha alivua mitalawanda, akaiweka nje ya mlango, akaingia pekupeku. Akanong'ona, "Nyanyua mkono, bibi, nikusafishe kwapa." Na mkono ule, uliokuwa mgumu tangu alfajiri, ukalegea ukanyanyuka mkononi mwake. Nimesema niliyoyaona. Wajuzi wataeleza.

"Kicheko," akaniita.

"Labeka."

"Umeingia kwa mtu mzima hukusalimia. Msalimie."

Nikadhani ananitania, lakini uso wake haukuwa wa utani. "Shikamoo," nikasema.

"Sasa subiri akuitikie. Usihesabu, subiri tu."

Tukasubiri. Maji yalidondoka kutoka kwenye kata, tone, tone. Nje mtu alikuwa anauza samaki. Mimi sikusikia kitu kingine, naapa, lakini baada ya muda chumba kilikuwa si kile kile, hofu ilinitoka yote nikabaki kumwonea huruma yule mama kana kwamba namjua. Bi Mwosha akatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Kaitikia. Mimina."

Tangu siku ile sikuingia kwa maiti bila ya kusalimia na kusubiri, ila mara moja.

Kuhusu yale maneno ya mama, kuwa asiyemsikia ndiye aogope, nitaeleza moja tu. Alasiri moja tulikuwa tunashona mikeka, kelele tele, na katikati yetu alikaa mwanachama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila akisimulia hupiga mapaja. Nilinyanyua macho nikamkuta Bi Mwosha kakaa ubavuni mwake. Ngazi ya nyumba ile ni ya mbao na ukumbi una sakafu ya chokaa, lakini hapana aliyemsikia. Alikuwa pekupeku, mitalawanda kaiweka mapajani. Akamtolea yule mama bibo moja kutoka kwenye pindo la kanga, akamfuta utomvu kidevuni alipokuwa anakula. Yule mama akaendelea kusimulia. Ni sisi tuliobaki tulionyamaza, mmoja baada ya mmoja. Ijumaa yake tukamzika.

Nilimuuliza Bi Mwosha, maana mimi nauliza. "Ulijuaje?"

"Nlijua nini? Miguu ilikuwa inaniuma, nkavua."

"Na bibo?"

"Alikuwa anapenda mabibo."

Siasa zilipoingia mjini watu wakaanza kuchaguana madukani, visimani, mpaka misibani. Bi Zuhura mwenyewe aliulizwa na wenzake kwa nini tunakwenda kuosha nyumba ya fulani. Bi Mwosha alikuwa anakunja bafta. Hakunyanyua hata kichwa. "Maiti haulizwi kadi," akasema. Kesho yake alikwenda nyumba mbili, ya upande huu asubuhi na ya upande ule adhuhuri, na mitalawanda ililia sawasawa kote.

Sasa niseme nililolifanya mimi.

Ilikuwa kabla ya sikukuu, nina miaka kumi na saba. Tulikuwa tunakusanya mikeka ya kuuza viwanjani ili tuwanunulie wajane nguo na chakula. Mkeka mzuri kuliko yote ulikuwa wangu, nami nilikuwa mbali kabisa, najitungia hadithi ya bibi harusi atakayeukalia, namvisha, namtia hina, naimba kimoyomoyo. Pindoni ukapungua ukili mmoja. Kasha lilikuwa wazi, siku ile lilikuwa linapigwa upepo, kili za vipimo zimefunguliwa kutoka kwenye kitambaa chao na zile za kushonea zimo kapuni pembeni. Nikanyoosha mkono bila ya kutazama. Nikapata ukili mweupe wenye mwaa mmoja mweusi ubavuni. Uzuri wake! Nikaushona. Ulizidi kidogo mwishoni, kiasi cha shibiri, nikachukua mkasi nikakata.

Bi Mwosha alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Mkasi ulipofunga, alishika kisigino chake. "Uss!"

"Nini, Bi Mwosha?" wakamuuliza.

"Siafu," akasema, akakisugua. Tukatafuta siafu, hatukuwaona.

Mkeka ulinunuliwa siku ya kwanza ya sikukuu na mwanamke mmoja mwenye mwanya, mchangamfu. "Unakwenda Bububu huu," akaniambia. "Mwanangu anaolewa." Mimi nikafurahi kwa kuwa hadithi yangu imekuwa kweli. Kile kipande nilichokikata nilikitupa jalalani.

Mwezi uliofuata kasha lilipigwa upepo tena, na safari hii Bi Zuhura alikagua.

"Wako hauko," akamwambia Bi Mwosha.

"Tazama vizuri."

"Nshatazama. Mweupe, mwaa mweusi mmoja. Umo wa Kicheko, umo wa mamake. Wako hauko."

Mmoja akasema panya. Mwengine akasema, "Panya gani anayekula ukili mzima akaacha kamba?" Nilijua papo hapo. Niliona mkasi, niliona mwanya wa yule mama. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta sindano.

"Tukupime tena," Bi Zuhura akasema.

"Hapimwi mtu mara mbili. Kanuni yangu mwenyewe, mnivunjie?" Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Basi mauti yakija yatapotea njia."

Alicheka peke yake.

Ingekuwa maneno tu, yangeisha. Lakini mwaka uliofuata alianguka ngazi ya Bi Zuhura, kutoka juu mpaka chini, ngazi ambayo kijana angevunjika shingo. Alinyanyuka akatafuta mtalawanda wake. Masika ikaja homa, wanachama wawili wakafa kwa homa hiyo hiyo, na yeye tukamsomea Yasin mara tatu, mara ya tatu mikono ilikwisha kuwa ya buluu. Asubuhi akaomba uji. Watu wakaanza kumtazama kwa namna nyingine. Na alikuwa anapungua. Sisemi kukonda, nasema kupungua: kanga iliyomfika kwenye vifundo sasa iliburura chini. Mitalawanda ilianza kupwaya na mlio wake ukawa mwepesi, kama wa mtoto anayechezea viatu vya mamake.

"Hana kipimo," wakanong'onezana. "Mauti hayamjui. Mtu kama huyo akuoshee mzazi wako?"

Nyumba moja ikakataa. Kisha ya pili. Wanachama wakaacha kuja, mmoja ana mgonjwa, mmoja mumewe kakataza, kila mtu na lake. Kwenye kasha bafta ikageuka manjano. Mwanamke mmoja asiye na mwenyewe alizikwa na watu wa manispaa bila ya sisi hata kuambiwa, na siku ile Bi Mwosha alikaa barazani kwake tangu asubuhi, kata mkononi, akingoja kuitwa.

Nami nilinyamaza. Miaka minne nilinyamaza. Niliendelea kuimba na kuchekesha, na kila kicheko kikinitoka nilihisi mkasi.

Mwaka wa nne, kabla ya mfungo, akalala kitandani asinyanyuke tena. Mitalawanda ikakaa chini ya kitanda chake. Nilimpelekea uji kila siku, maana waliobaki kwenda walikuwa mimi na mama tu, na mara mojamoja Bi Zuhura akisimama mlangoni na kitambaa cha pua.

Alasiri moja, mfungo umekwisha, nilimkuta macho wazi. Alikuwa mdogo mno kitandani pale, kanga moja ilimtosha kama shuka.

"Shikamoo, Bi Mwosha."

"Marahaba. Kaa. Kicheko, weye ndiye uloniuza Bububu."

Bakuli lilinitoka mkononi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mkasi. Siafu gani anayekata namna ile?"

"Kwa nini hukusema? Wamekutenga! Wamekufanya jini!"

"Ningesema ungewacha kucheka." Akavuta pumzi. "Na mie nlikuwa nautaka huo muda. Unajua mie naogopa?"

"Vyura," nikasema, mjinga mimi.

Akatabasamu. "Nimewaosha wangapi? Wote nimewaambia, usiogope bibi, nipo. Mie nani ataniambia? Nyote mnanikimbia. Basi nikasema, ngoja, nitangoja mpaka apatikane mmoja. Nimengoja. Sasa nimechoka, mwanangu. Mifupa inaniuma, nalala nasikia kama nimekunjwa nimetiwa mahali pabaya."

"Ntakuosha mimi," nikasema.

Akanitazama. Utosini, kisha taratibu mpaka visiginoni.

"Basi kanichukulie kipimo changu. Aloshona ndiye afumue."

Asubuhi nilichukua mkeka mpya niliokuwa nimejishonea mwenyewe, nikapanda gari ya Bububu peke yangu. Haikuwa kazi kuipata nyumba, ukimwelezea mtu ule mwanya na ule uchangamfu wanakuonyesha kwa kidole. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikamwambia nataka tubadilishane mikeka. Alinitazama kama nina wazimu.

"Mkeka mkongwe huu? Chukua, mwanangu, mimi napata faida. Ila yule bibi atakalia nini?"

"Bibi yupi?"

"Kibibi kimoja cha mjini. Kila Ijumaa huja, miaka sasa. Huukalia pale pembeni, pale penye ukili wenye mwaa mweusi, saa nzima, kisha huyo. Hanywi hata maji. Mie namstahi, naona labda yuko peke yake. Namsikia tangu ilikokuwa reli ya zamani, kwa, ki, kwa, ki, naweka mkeka."

Nikamwambia taratibu, "Bibi huyo ni mgonjwa. Yuko kitandani tangu kabla ya mfungo."

"Aka! Ijumaa iliyopita kaja!" Kisha akafikiri, na mkono wake ukapanda kifuani. "Lakini sikumsikia. Kweli, sikumsikia. Nlikuwa napepeta mchele, kunyanyua macho, namwona kakaa. Mitalawanda kaiweka mapajani."

Akaenda jikoni kutia chai ambayo hatukuinywa. Nikakaa pale pembeni, nikachukua sindano nikafumua uzi wangu mwenyewe, mshono kwa mshono. Ukili ulikuwa wa moto, kama mahali mtu alipokuwa amekaa sasa hivi.

Nilipomrudishia Bi Mwosha, aliunusa. "Unanuka mchuzi wa watu," akasema, akauweka kifuani, akaushika kwa mikono miwili. "Kesho njoo mapema. Njoo na kata yako."

Nilifika jua halijapanda juu ya mapaa. Alikuwa amekwisha, macho kayafumba mwenyewe. Mama akaja. Bi Zuhura akaja, safari hii bila ya kitambaa. Wengine arobaini wa chama hawakuja.

Nilimwosha mimi. Niliyafanya yote haraka haraka nikihofia kukosea, wale wawili wananikabidhi maji ya mkunazi mlangoni. Kisha Bi Zuhura akafungua bafta, akaunyoosha ukili juu yake, na uso wake ukabadilika.

"Huu umekatwa. Umepungua shibiri nzima huu. Kicheko, sanda haitafungika miguuni, vidole vitabaki nje!"

Hapo ndipo niliposema. Nilisema yote, mkasi, jalala, miaka minne, mbele ya mama yangu na mbele yake yeye kalala. Aibu ile ile ambayo wale wazee waliapa haitarudi, mimi ndiye niliyeirudisha, tena kwake. Bafta nyingine isiyo na madoa haikuwapo kashani.

"Kata hivyo hivyo," mama akasema kwa sauti ndogo. "Kanuni yake."

Tukakata. Tukamlaza. Nikavuta bafta kichwani, nikaacha shibiri moja ya kufungia. Nikaenda miguuni nimefumba macho, nikaivuta, nikapapasa. Visigino vimefunikwa, na baada ya visigino palibaki bafta. Nikapima kwa mkono wangu mwenyewe, kidole gumba mpaka kidole kidogo.

Shibiri moja. Sawasawa.

Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Bi Zuhura akaketi chini pale pale alipokuwa, mtu mzima na heshima zake, juu ya sakafu yenye maji. Baadaye walitoka pamoja kwenda kuwaambia wanaume walete jeneza, wameshikana mikono kama wasichana, nami nikabaki kumfunika uso.

Hapo nikakumbuka. Kwa hofu zangu niliingia kwa mtu mzima sikusalimia.

Mitalawanda ilikuwa chini ya kitanda. Niliichukua nikaiweka nje ya mlango, kama alivyokuwa akiiweka yeye. Nikarudi ndani pekupeku, nikapiga magoti karibu na sikio lake.

"Shikamoo, Bi Mwosha," nikasema.

Sikuhesabu. Nikasubiri.